Sura ya 6: Nani Atasema?

Asubuhi ya Machi 29, 2005, mama mmoja wa watoto wawili, umri miaka 37, alifika kwenye kliniki binafsi nchini Uingereza kufanyiwa upasuaji wa sainasi. Jina lake Elaine Bromiley. Haukuwa ugonjwa wa kumtoa mtu roho. Ni pua iliyomsumbua kwa muda mrefu, akaamua amalizane nayo. Daktari wa usingizi alikuwa bingwa mwenye miaka mingi kazini. Mpasuaji alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, mtu ambaye shingo ya binadamu anaifahamu nje ndani. Wauguzi wa thieta hawakuwa wageni wa kazi, na vifaa vilikuwepo.

Saa 2:35 asubuhi alichomwa dawa, akalala. Daktari akajaribu kumwekea kile kifaa cha kupitisha hewa kinachokaa juu ya koromeo, hakikukaa. Akabadilisha saizi; hakikukaa vilevile. Kufikia saa 2:37 ngozi ilishaanza kuwa ya bluu na oksijeni kwenye damu imeshuka hadi asilimia 75. Saa 2:39 ilikuwa asilimia 40. Mimi na wewe tukikaa hivi tunasoma, tuko 95 kwenda juu.

Wakajaribu kumpa oksijeni kwa barakoa, haikupita. Wakajaribu kumwingiza mpira kwenye bomba la hewa, lakini daktari alipochungulia hakuuona mlango wa koromeo. Saa 2:45 daktari mwingine wa usingizi alishafika kusaidia, na mpasuaji naye yupo. Hapo walikuwa wamefika mahali ambapo kila mtu aliyesomea usingizi anapafahamu kwa jina: mpira hauingii na hewa haipiti. Mahali hapo pana jibu moja tu, nalo hufundishwa mapema. Unaacha mdomo, unafungua njia shingoni.

Hawakuifungua. Waliendelea kujaribu kupitia mdomoni, kifaa baada ya kifaa, hadi saa 2:55 kimoja kilipokaa kiasi na oksijeni ikaanza kupanda. Ilivuka 90 mnamo saa 3. Wakahangaika na mpira dakika kumi zaidi, kisha wakaamua kuahirisha upasuaji na kumwacha aamke mwenyewe. Hakuamka. Alifariki siku 13 baadaye.

Kuna jambo la asubuhi ile ambapo kila anayeisoma ripoti ya uchunguzi wa kifo chake hukwama. Wakati madaktari watatu wameinamia mdomo wa mgonjwa, muuguzi mmoja alikwenda kuchukua seti ya kufungulia shingo, akaileta, akatangaza kwamba iko tayari. Hakuna aliyemwitikia. Muuguzi mwingine alipiga simu ICU kuomba kitanda. Aliporudi kuwaarifu madaktari, aliangaliwa kama mtu anayekuza mambo, akaenda kukifuta kile kitanda. Wauguzi hao walijua nini kinatakiwa. Walieleza baadaye kwamba hawakujua waanzie wapi kulisema.

Sura hii inahusu pengo hilo, kati ya seti iliyoletwa na mkono ambao haukuichukua. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba pengo hilo halizibwi na ushujaa wa muuguzi dakika ile. Linazibwa asubuhi, mgonjwa akiwa bado anaongea.

Kwanza tuelewe saa inavyokimbia. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kila dakika. Akishatoa pumzi, mapafuni hubaki hewa ya lita mbili na nusu hivi, na ndani yake oksijeni ni kidogo, haifiki nusu lita. Dawa ya usingizi ikishamlegeza misuli asipumue, hiyo ndiyo akiba yake, na baada ya dakika moja au zaidi kidogo kipimo huanza kuporomoka. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi humvika mgonjwa barakoa na kumwambia apumue humo kwa dakika tatu kabla ya dawa. Anafanya kama mama wa nyumbani aliyesikia kwamba maji yatakatika kesho: anajaza simtanki hadi juu. Mapafu yakijaa oksijeni tupu, mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa dakika kama nane bila kupumua kabla kipimo hakijashuka chini ya 90.

Dakika nane ni nyingi sana, na hazitoshi. Mjamzito zake hupungua hadi nusu au chini ya hapo, kwa sababu tumbo limesukuma mapafu juu na mtoto naye anavuta sehemu yake. Mtu mnene hivyohivyo. Mtoto mchanga hana hata hizo. Halafu kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni huchelewa. Namba unayoiona ni habari ya sekunde kadhaa zilizopita, kwa hiyo inaposoma 85 ubongo na moyo huenda viko pabaya zaidi ya hapo. Watu wa thieta huijua hali hiyo kwa masikio kabla ya macho, kwa kuwa mlio wa mashine hushuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka, kutoka mlio mwembamba hadi mzito. Wote waliomo chumbani huusikia. Aliyeinama juu ya mdomo wa mgonjwa ndiye mara nyingi asiyeusikia.

Jambo hilo la kutosikia lina sababu yake, na si uzembe. Mtu aliyebanwa na hatari huelekeza akili yote kwenye kitu kimoja. Macho yake yanabana pale, masikio yanafunga, na hisi ya muda inapotea kabisa. Dakika kumi anaziona mbili. Kila jaribio linaonekana ndilo litakalofaulu, maana safari hii nimeinua kidogo zaidi, safari hii nimebadilisha mkono. Kumbe kila jaribio linachubua koo, koo linavimba na kutoa damu, na jaribio linalofuata linakuwa gumu kuliko lililopita. Bingwa haponi kwa sababu ni bingwa. Pengine huzama zaidi, kwa kuwa mikono yake imezoea kufaulu.

Kwa hiyo anayehitajika ni mtu wa pili ambaye hajainama. Yeye saa anaiona, mlio anausikia, na majaribio ameyahesabu. Mtu huyo karibu kila mara yupo chumbani. Swali ni kama ana ruhusa.

Mume wa Elaine, Martin Bromiley, alikuwa rubani. Alipouliza uchunguzi wa kifo cha mke wake utafanywa lini, aliambiwa kwamba si kawaida kuchunguza, isipokuwa familia ikishtaki au ikilalamika. Jibu hilo lilimshangaza. Kwenye urubani, ndege ikianguka hakuna anayesubiri mjane aende mahakamani ndipo waanze kutafuta sababu. Aliomba uchunguzi huru, akaupata, na alipoisoma taarifa aliona kitu ambacho marubani walikuwa wamekiona karibu miaka 30 kabla yake.

Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mmoja wa marubani walioheshimiwa kuliko wote katika shirika lake, mkufunzi wa wengine. Alianza kuiondoa ndege kabla ya kuruhusiwa. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake alisikia kwenye redio jambo lililomtia wasiwasi, akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia. Mwaka uliofuata, Desemba 28, ndege ya United iliishiwa mafuta na kuanguka karibu na Portland, Marekani, watu kumi wakafa. Rubani alikuwa ameshughulishwa na gurudumu lenye hitilafu, huku wenzake wakimtajia mafuta kwa sauti ya upole mno. Baada ya ajali za namna hiyo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi wao kusema, kama somo la darasani lenye mtihani wake. Hawakuliacha liwe suala la tabia njema ya mtu.

Bromiley alianzisha mwaka 2007 kundi la wataalamu wa afya na wa usalama kuyaingiza mafunzo hayo hospitalini. Hakutaka kumfunga mtu. Madaktari na wauguzi waliomhudumia mkewe walirudi kazini, na yeye alisema wazi kwamba ndivyo alivyotaka, kwa kuwa wangekuwa waangalifu zaidi na wangewafundisha wengine. Nimewahi kuwaza sana juu ya mtu anayeweza kusema hivyo huku analea watoto wawili peke yake. Sijui kama mimi ningeweza. Najua tu kwamba kama angechagua hasira, na haki alikuwa nayo, wagonjwa wengi wangekosa somo hili.

Uingereza baadaye ilihesabu. Kwa mwaka mmoja, 2008 hadi 2009, hospitali za umma za nchi nzima ziliripoti kila tukio zito la njia ya hewa, na ripoti ikatoka mwaka 2011. Kati ya usingizi wa mwili mzima uliokadiriwa kufika milioni 2.9, matukio mazito yalikuwa 133 na waliofariki 16. Ni nadra, ndiyo, na unadra huo ndio mtego wenyewe. Mtaalamu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nalo, siku akikutana nalo hana mazoea nalo. Ripoti ilionyesha kwamba mara nyingi dalili za ugumu zilionekana mapema na mpango haukubadilishwa, au mpango ulikuwa mmoja tu, na uliposhindwa watu waliurudia uleule. Ilionyesha pia kwamba sindano kubwa ya kutoboa shingo, ambayo madaktari wengi wa usingizi walikuwa wakiitegemea, ilishindwa zaidi ya nusu ya mara ilipotumiwa.

Kutokana na hayo chama cha wataalamu wa njia ya hewa cha Uingereza kilitoa mwongozo mpya mwaka 2015. Mantiki yake inaweza kubandikwa ukutani kwenye thieta yoyote duniani. Mpango wa kwanza ni mpira: majaribio matatu, na la nne tu kama amefika mtu mwenye uzoefu zaidi. Ukishindwa, unatamka kwamba umeshindwa, unakwenda mpango wa pili, kifaa cha juu ya koromeo. Nacho kikishindwa, barakoa. Hiyo ikigoma, shingo. Kati ya hatua na hatua kuna kutamka. Kwangu mimi huo ndio moyo wa mwongozo mzima. Neno likishatamkwa, chumba kizima kinahama pamoja. Lisipotamkwa, kila mmoja anabaki kwenye hatua yake kichwani.

Sasa turudi nyumbani, maana Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali katika miji minane ya kuijaribia. Zilikuwemo London, Seattle, Toronto na New Delhi, na ilikuwemo Ifakara, Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Fransisi, kule bonde la Kilombero, ilikuwa moja ya sehemu zilizoonyesha dunia kwamba orodha ya mambo 19 kwenye karatasi moja inaokoa watu. Matokeo ya vituo vyote kwa pamoja yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Leo karatasi hiyo ipo kwenye kuta za thieta zetu nyingi.

Sehemu ya kwanza ya orodha, kabla ya usingizi, inauliza moja kwa moja: je, mgonjwa ana njia ya hewa ngumu, au hatari ya kupaliwa na matapishi? Kama ndiyo, vifaa na msaidizi vipo? Swali zuri. Lakini lile agizo la watu wote kujitambulisha kwa jina na kazi limewekwa sehemu ya pili, kabla ya kisu kugusa ngozi. Wakati huo mgonjwa amekwisha kulala. Dharura ya njia ya hewa mara nyingi hutokea kabla ya hapo. Ina maana timu inaweza kuingia kwenye dakika zake mbaya kuliko zote ikiwa bado haijatajiana majina, na anayefuata karatasi kwa uaminifu hatakuwa amekosea kitu. Orodha yenyewe inaruhusu hospitali kuibadilisha kulingana na mahitaji yake, na hili ningelibadilisha kesho. Majina yatajwe asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, watu wakiwa bado wanafunga barakoa zao.

Majina peke yake hayatoshi. Katika mazungumzo hayo ya dakika mbili au tatu kuna maneno ambayo anayelaza mgonjwa anapaswa kuyasema kwa sauti. Yanaweza kuwa hivi:

"Mgonjwa wa kwanza ana shingo fupi na mdomo haufunguki vizuri. Nitajaribu mpira, mara tatu basi. Ukishindikana naweka kifaa cha juu. Kikigoma, tunarudi kwenye barakoa. Oksijeni isipopita, tunafungua shingo. Sista Neema, wewe utahesabu majaribio na kunitajia namba kila nusu dakika, hata kama sijauliza. Dokta, tukifika shingoni, unakata wewe au nakata mimi?"

"Nakata mimi."

"Na yeyote akiona nimekwama, aniambie. Namwomba aniambie."

Angalia yaliyofanyika hapo. Sista Neema hatahitaji ujasiri saa tatu baadaye, atakuwa anatimiza agizo. Akikaa kimya ndiyo atakuwa amevunja utaratibu. Mpasuaji amekwisha kubali mbele ya watu kwamba kisu ni chake, kwa hiyo hatasubiri kuombwa wakati mwenzake wa usingizi anasubiri ajitolee. Huo ndio mkwamo uliowakuta watu wengi: wawili wenye uwezo wa kukata, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye zamu.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya heshima. Tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, na thieta ina wakubwa wengi. Wapo wanaosema ili wagonjwa wapone lazima heshima hiyo ivunjwe. Mimi sikubaliani nao. Nimeona heshima ikifanya kazi vizuri kabisa pale mkubwa anapoitumia kuagiza asemwe. Mdogo hutii, na hapo utii wake unakuwa ni kusema. Kinachoua ni kuizungusha hoja kwa adabu hadi inapotea. "Samahani Dokta, sijui kama labda tungeangalia, maana naona kama oksijeni..." Sentensi hiyo haijafika popote na sekunde kumi zimeisha. Muuguzi yuleyule, kwa heshima ileile, anaweza kusema: "Dokta, oksijeni 62. Majaribio matatu yameisha. Seti ya shingo iko mkononi mwangu." Cheo kimetajwa, adabu imekaa mahali pake, na hakuna cha kukisia. Asipojibiwa anarudia kwa sauti zaidi, na safari hii anaita jina.

Yule muuguzi wa Uingereza alitangaza kwamba seti ipo. Hakukosea. Alikosa tu mtu aliyekwisha kukubaliana naye nini kifuate baada ya tangazo hilo.

Najua msomaji wa hospitali ya wilaya anasema moyoni kwamba hayo yote ni ya watu wenye madaktari watatu chumba kimoja. Ni kweli. Nchi zetu zina madaktari bingwa wa usingizi chini ya mmoja kwa kila watu 100,000, wakati shirikisho la dunia la fani hiyo linapendekeza wasipungue watano. Anayelaza wagonjwa wengi Tanzania ni muuguzi wa usingizi, na Kenya ni muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea kazi hiyo. Saa nane za usiku, mjamzito ameletwa kwa bajaji akivuja damu, yupo mmoja tu kichwani mwa mgonjwa, daktari wa zamu amekwisha kunawa, na bingwa wa karibu yuko mkoani. Mjamzito huyo koo limevimba, tumbo limejaa, akiba ya oksijeni ni ndogo. Kwa sababu hiyo wengi hupewa sindano ya mgongo, na ni uamuzi mzuri unapowezekana. Anayevuja damu sana mara nyingi haiwezekani.

Hapo ndipo naona maandalizi yana thamani kubwa kuliko kule London. Wenye watu wengi wanaweza kuokolewa na bahati ya kuingia mtu mwingine mlangoni. Timu ya watu wanne usiku haina mtu wa kuingia. Mhudumu wa usafi aliyepo anaweza kufundishwa kwamba akisikia neno fulani, kazi yake ni kukimbia kumwamsha daktari wa pili na kumleta. Muuguzi anayempokea mtoto anaweza kufundishwa kubonyeza ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, huku mwenzake ameshika barakoa kwa mikono miwili, kwa kuwa barakoa iliyoshikwa kwa mikono miwili hupitisha hewa mara nyingi pale mkono mmoja uliposhindwa. Hayo hayanunuliwi. Yanahitaji watu wawili kukubaliana kabla.

Vifaa navyo vikaguliwe na mtu mwenye jina, kila zamu, kwa mkono, asitosheke kutazama. Washa laringoskopu uone taa inawaka, na betri ya akiba iko wapi. Jaza hewa kibofu cha mpira kwa bomba la sindano uone hakivuji. Washa mashine ya kufyonza, weka kidole uisikie inavuta. Umeme ukikatika mashine inayotengeneza oksijeni hunyamaza, kwa hiyo mtungi uwe umejaa, na spana ya kuufungulia ifungwe kwa kamba hapohapo kwenye mtungi, isiwe kwenye droo ya mtu aliyekwenda likizo. Ambu iwe juu, inaonekana, maana haihitaji umeme na hufanya kazi hata oksijeni ikiisha. Pale kilipo kipimo cha kabonidayoksaidi kitumike kila mara, kwa kila mgonjwa. Mpira ulioingia kwenye umio unaweza kuonekana vizuri, kifua kikainuka, hata masikio yakadanganyika. Kabonidayoksaidi haitoki tumboni pumzi baada ya pumzi. Mstari ukilala, chukulia mpira uko mahali pabaya hadi uthibitishe vinginevyo.

Na seti ya shingo. Watu wanaiogopa kwa sababu wanaiwazia kama upasuaji mkubwa. Inahitaji vitu vitatu: kisu chenye bledi namba 10, kijiti kirefu laini kinachoitwa buji, na mpira namba 6 wenye kibofu. Vifungwe pamoja kwenye mfuko mmoja unaopitisha mwanga, vitundikwe mahali ambapo hata mgeni atavikuta. Mkataji hushika koromeo kwa mkono mmoja asiliache lihame, hushuka kwa kidole kutoka kwenye kikoromeo hadi kwenye kibonde kidogo kilicho chini yake, na hapo kati ya gegedu mbili kuna utando mwembamba. Hukata utando huo kwa upana, hukizungusha kisu makali yaelekee miguuni, hupitisha buji ubavuni mwa bledi hadi ndani ya bomba la hewa, kisha hutelezesha mpira juu ya buji. Shingo ikiwa nene kiasi cha kutopapasika, huanza kwa kukata wima, sentimita nane hadi kumi, na kutafuta kwa vidole. Damu itakuwepo. Mgonjwa anayetoka damu shingoni huku anapata oksijeni yuko salama kuliko aliye safi ambaye hapati.

Nani afanye mazoezi hayo, na wapi? Kozi za mjini zina faida yake, ila timu inayokwenda kozi ni mtu mmoja mmoja, na inayokutana na dharura ni nyingine. Mazoezi bora ni yale ya hapohapo kazini, kwenye kitanda chenu, na vifaa vyenu, saa ambayo hakuna mgonjwa. Shingo ya mbuzi kutoka kwa muuza nyama inatosha kabisa kufundishia mkono. Hata nchi tajiri hutumia ya kondoo na ya nguruwe. Mmoja ashike saa. Mtu atangaze kwamba oksijeni ni 80, kisha 70, kisha 55, na wote waone seti ilichukua muda gani kufika mkononi. Mara ya kwanza mtagundua kwamba kabati lina kufuli na funguo anayo msimamizi aliyekwishatoka. Ni heri kugundua siku hiyo. Mwishoni aliye mdogo kuliko wote ndiye aanze kusema aliyoyaona, na wakubwa wamsikilize hadi amalize bila kumrekebisha. Mkubwa akianza yeye, mengine hayatasemwa.

Mgonjwa akiokoka, kazi bado haijaisha. Timu ikae siku hiyohiyo, hata dakika kumi kwenye benchi la nje, iseme nini kilitokea. Aliyekata shingo, na aliyeshindwa na mpira, wote wanahitaji mtu wa kuwauliza hali zao, maana mikono inatetemeka kwa siku kadhaa, na wengine huacha kazi kimyakimya kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Halafu iandikwe barua. Aliyekuwa kichwani mwa mgonjwa ndiye aiandike: njia ya hewa ilikuwa ngumu, kilichojaribiwa na kushindikana ni hiki, kilichofaulu ni hiki, kwa saizi hii, tarehe hii. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine ibanwe kwa stepla ndani ya daftari la kliniki analotembea nalo mgonjwa. Asipewe akiwa bado na usingizi, kwa sababu atasahau kila kitu. Apewe kesho yake, ameketi, na ndugu anayemuuguza awepo asomewe naye, aelezwe kwamba karatasi hii inatangulia kabla ya dawa yoyote ya kulaza mtu. Siku atakapoletwa tena, pengine kwa ajali, mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuongea, na ndugu huyo ndiye atakayewaambia.